Msomaji Hajui Alie Wapi

Katika shule ya wasichana niliyosomea, juu ya milima ya Kilungu, kila mwalimu wa kike aliitwa Madam na jina lake likafuata. Mwalimu wa Kifaransa peke yake aliitwa Madam, basi. Ukisema "Madam anakuja," darasa zima lilijua ni yupi na likafuta ubao.

Nilimjua mara tatu. Kwanza nikiwa mwanafunzi wake. Mara ya pili niliporudi shuleni hapo kufundisha Kiswahili, nikakaa naye meza moja katika chumba cha walimu. Mara ya tatu alipokuwa amestaafu na kujenga nyumba ndogo karibu na soko la Nunguni, akaniomba nimsaidie kukiweka kitabu chake katika Kiswahili. Alifariki mwaka jana. Tangu hapo watu wananiuliza alikuwa mtu wa namna gani, nami huwajibu kwamba alikuwa mtu wa mzaha. Wanashangaa. Wamesikia kwamba alinusurika mauaji ya kimbari ya Rwanda, na hawaoni vile mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Alikuwa mrefu na mkavu, mwenye sauti ndogo ambayo hakuipandisha hata siku moja. Darasa ndilo lililonyamaza ili limsikie. Mwezi wa saba, ukungu ukilala juu ya milima hadi karibu adhuhuri, alivaa sweta mbili na kofia ya sufu, akaingia darasani akisema, "Karibuni Ulaya." Kiswahili alijifunza ukubwani, sokoni na kwa wanafunzi, kwa hivyo kilikuwa na matamshi ya Kikamba juu ya matamshi ya kwao. Mwanafunzi akichelewa hakumuuliza sababu. Alimfungulia mlango kwa heshima na kumwambia, "Ingia, mama. Wenzako waliwahi, na hakuna kitu cha maana wamepata."

Kuhusu milima yetu alisema inafanana sana na ya kwao, matuta kwa matuta, migomba kwa migomba. "Tofauti ni kwamba hii bado hatujakosana nayo," alisema.

Somo lake ninalolikumbuka kuliko yote lilikuwa la vitenzi. Kuna vitenzi vichache vya Kifaransa ambavyo katika wakati uliopita havifuati njia ya vingine: kufika, kuingia, kutoka, kuanguka, kufa, kuondoka, kubaki. Walimu wengi huchora nyumba ubaoni ili mwanafunzi avikumbuke, mtu huyu anaingia, yule anatoka. Madam naye alichora nyumba, na mgomba kando yake. Kisha akatupa sentensi fupifupi, moja kwa kila kitenzi, nasi tukazikariri kwa sauti nyuma yake. Majirani wamefika. Wameingia. Baba ametoka. Mama ameanguka. Wamekufa. Majirani wameondoka. Mimi nimebaki.

Tulizikariri kwa mdundo kama wimbo wa kuruka kamba. Msichana mmoja aliyekaa dirishani akainua mkono.

"Madam, hiyo ni stori ama ni mifano?"

"Ni mifano," Madam akajibu. "Lakini mkiikosea kwa mtihani itaniuma."

Hatukuikosea. Muhula uliofuata mwalimu mkuu alituambia kwenye paredi kwamba Madam amesafiri kwao kutoa ushahidi, akatueleza kwa kifupi ushahidi wa nini. Tulirudi darasani. Ile nyumba ilikuwa imefutwa zamani, lakini nakumbuka hakuna aliyetaka kukaa dawati la mbele siku hiyo.

Alipenda mazishi. Hilo liliwasumbua walimu wenzake kuliko mzaha wake wote. Kukiwa na mazishi popote Kilungu, hata ya mtu asiyemfahamu, Madam alivaa gauni lake jeusi, akapanda njia za miguu kati ya mashamba, akakaa mstari wa nyuma mpaka mwisho, akala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, pamoja na wafiwa na kuulalamikia kwamba haukuiva. Nilipokuwa mwalimu mwenzake nilimuuliza anachokipenda ni nini hasa.

"Utaratibu," akasema. "Mtu mmoja, jeneza moja, na watu wengi wanalia kwa zamu. Kwetu tulifanya kinyume. Wafu walikuwa wengi, na wa kulia nilibaki mimi. Sikujua nianzie wapi, kwa hivyo nikaahirisha."

Alisema hivyo akisahihisha insha, bila kuinua macho.

Kila mwaka kabla ya mvua alinunua panga sokoni Nunguni. Alikuwa na mtu wa kumlimia na kumfyekea ua, na mtu huyo alikuwa na panga lake. Madam bado alinunua jipya, akabishana na muuzaji, akayapitisha makali kwenye kucha ya kidole gumba kama fundi, akaenda kulining'iniza nyuma ya mlango wa chumba chake. Kwa wageni alieleza kwamba anapenda vitu vya chuma. Kwangu alisema, "Mwalimu, hii ni nchi ya amani na kila mtu ana panga. Mimi nataka tu kuwa na moja ambalo najua limelala wapi."

Hata hivyo hakuwa jasiri. Filimbi ya mwalimu wa michezo ilimfanya amwage chai. Hakukubali kukaa mahali ambapo mlango uko mgongoni mwake, hata kanisani, na kwa sababu hiyo alikaa siku zote kwenye benchi la mwisho, ukuta ukiwa mgongoni. Alikuwa na sauti nzuri ya pili, na wanakwaya walimwomba mwaka baada ya mwaka ajiunge nao. Alikataa. Aliimba akiwa huko nyuma, peke yake, sehemu yake yote bila kukosea, huku kwaya ikiimba mbele. Aliwacheka watu waoga lakini kila jioni alizunguka nyumba yake akijaribu madirisha. Alisema hachukii mtu, na nadhani ilikuwa kweli, lakini kuna mama mmoja wa chama cha kanisa ambaye alikuja kwake mara kwa mara na vitumbua, mwenye sauti laini, wa kuomba samahani kabla hajaketi. Huyo Madam hakuweza kumvumilia. "Mtu mwenye adabu nyingi hivyo," aliniambia, "lazima nijue amemwacha nani nje."

Ili mtu aelewe hilo ni lazima ajue yaliyotokea, nami nitayaeleza kama yalivyo kitabuni, ila bila mzaha, maana mzaha ni wake.

Alikuwa msichana aliyemaliza chuo cha ualimu, anaishi nyumbani na wazazi wake na ndugu zake. Jioni moja familia ilikuwa mezani. Yeye alikuwa jiko la nje akipakua maharagwe. Mwalimu wa kwaya ya kanisa lao, rafiki wa baba yake, alibisha hodi akiwa na wanaume wengine nyuma yake. Akaomba radhi kwa kuja wakati wa chakula. Akafunguliwa. Akamsalimu kila mtu, akauliza habari za mgongo wa mama, akauliza kama mtoto amelala. Baada ya hapo alisogea kando ya mlango, na waliokuwa nyuma yake wakaingia. Madam aliona na kusikia kutoka jikoni, mlango ukiwa wazi. Aliliacha bakuli, akapita kwenye migomba, akaruka mfereji wa mpaka na kuangukia shamba la jirani.

Jirani huyo alikuwa adui wa baba yake. Walikuwa na kesi ya mpaka ya miaka mingi, juu ya mstari wa mikaratusi. Hawakusalimiana, hata wanyama wao hawakuchangamana. Mtu huyo ndiye aliyemkuta. Akamshika mkono bila neno, akamwingiza katika shimo la kuivishia ndizi za pombe, akalifunika kwa majani na udongo na kumwachia tundu la hewa. Madam alikaa humo wiki nyingi. Jirani alimletea chakula kila jioni, na kila jioni, akiwa amechuchumaa karibu na tundu, aligombana naye kuhusu mpaka. Alimwambia baba yake alikuwa mwizi, mwongo, mtu wa kusogeza mawe gizani. Madam alijibu kutoka chini. Mara moja alimuuliza kwa nini anamficha. Akajibu, "Kesi yetu haijaisha. Nitashindana na nani?"

Aliokoka hivyo. Alipotoka shimoni aliikuta nyumba ya baba yake haina paa. Mabati yalikuwa juu ya zizi la jirani.

Huo ndio ushahidi alioenda kuutoa tulipokuwa wanafunzi. Jirani alikuwa ameshtakiwa kwa kupora nyumba za waliouawa, na mahakama ya kijiji ikamwita Madam. Waliulizwa watu wengi, zamu yake ikafika.

"Huyu mtu alichukua mabati ya nyumba yenu?"

"Ndiyo."

"Huyu mtu alikuokoa?"

"Ndiyo."

"Sasa wewe ni shahidi wa upande gani?"

"Wa pande zote mbili," Madam akasema. "Aliniokoa mimi na mabati. Mimi aliniachilia."

Wazee wa mahakama walikasirika, wakidhani anawadhihaki. Jirani ndiye aliyecheka, pale kwenye benchi la washtakiwa, mpaka akakohoa. Walimpa adhabu ndogo. Alikufa baadaye nyumbani kwake, na Madam alisema hakupata kujua kesi ya mpaka aliirithi nani.

Sasa nije kwenye kitabu.

Alikiandika kwa Kifaransa baada ya kustaafu. Alitaka kisomwe kwanza na watu wa Nunguni na Kilungu, kwa sababu hao ndio waliokuwa wakimtazama kila siku bila kuuliza. Kila Jumamosi nilienda kwake tukakaa sebuleni, yeye akiukabili mlango, nami nikimsomea nilichotafsiri. Darasani huwa nafundisha kinaya. Nawaambia wanafunzi ni mbinu: mwandishi anasema jambo na maana yake ni kinyume. Nilidhani nakijua.

Siku moja alinisimamisha.

"Mwalimu, hapa umeandika wauaji."

"Si ndio walikuwa, Madam?"

"Mimi niliandika wageni."

"Najua. Lakini kwa Kiswahili inakaa kama unawasifu."

"Wakati wanaingia walikuwa wageni," akasema. "Walibisha hodi, wakakaribishwa. Ukiandika wauaji hapo mwanzo, msomaji atauliza mbona mama aliwafungulia mlango. Atamwona mama yangu mjinga. Mama hakuwa mjinga. Aliona wageni."

Nikarudisha wageni. Tangu siku hiyo niliacha kutafuta kinyume cha maneno yake. Mara nyingi hakukuwa na kinyume. Alikuwa anasema kilichoonekana, kwa mpangilio ule kilivyoonekana, na kilichochekesha kilikuwa humo tayari.

Tulipeleka mswada kwa mchapishaji wa Nairobi. Baada ya muda mrefu mhariri alinipigia simu. Alikuwa mpole. Alisema kazi ni nzuri, lugha ni safi, ila kuna tatizo moja: msomaji hajui alie wapi. Kila akikaribia kulia, mwandishi anamchekesha. Je, Madam anaweza kutoa vichekesho, angalau katika sura ya mwalimu wa kwaya?

Nilimpelekea Madam ujumbe huo nikiwa na wasiwasi. Alikuwa akichambua maharagwe.

"Mwambie alie popote," akasema. "Nafasi iko."

Mchapishaji akajitoa. Ndipo Pasta wa kanisa letu alipojitokeza. Alikuwa kijana bado, mwenye bidii, na alimheshimu Madam kwa dhati. Alisema kanisa litakichapa kitabu, kitolewe wakati wa mkutano wa akina mama, kiwe ushuhuda. Alikuja nyumbani kwa Madam nami nikiwapo. Alikunywa chai na kuzunguka jambo kidogo, kisha akalisema.

"Madam, mimi nimekisoma chote. Nilikesha nacho. Lakini watu watacheka."

"Ndiyo, Pasta. Nimefanya kazi sana ndio wacheke."

"Ni ushuhuda, Madam. Watu wanataka kuona vile Mungu alikutoa."

"Mungu alinitoa kwa mkono wa mwizi wa mabati. Nimeandika."

"Na hakuna sura ya kusamehe."

Madam akamwongezea chai. "Weka kurasa tupu mwishoni," akasema. "Nikisamehe nitajaza. Kama bado niko hai."

Pasta hakukasirika. Aligeuza kikombe, kisha akatoa pendekezo la haki: Madam asome sura moja mbele ya kanisa, Jumapili baada ya ibada. Watu wakiipokea, kitabu kitachapwa bila kuguswa. Wasipoipokea, watakaa tena. Madam akakubali haraka kuliko nilivyotarajia. Alichagua sura ya mwalimu wa kwaya.

Jumapili hiyo watu wengi walibaki. Madam alikataa kupanda jukwaani, akawaomba wageuze mabenchi yao waangalie nyuma, ili yeye abaki na ukuta mgongoni. Walifanya hivyo kwa kelele nyingi, wakicheka tayari. Akaanza kusoma kwa ile sauti yake ndogo.

Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo mara nyingi, lakini sikuwa nimewahi kuyasikia katikati ya watu. Alieleza vile mwalimu wa kwaya alivyofuta miguu mlangoni kwa sababu kulikuwa na matope, na vile alivyowakemea wenzake nao wafute miguu. Watu wakacheka. Alieleza alivyomsifu mama kwa harufu ya maharagwe, alivyoomba samahani kwa saa mbaya, alivyouliza habari za mgongo. Wakacheka zaidi, maana wote walimjua mtu wa namna hiyo, na mama wa vitumbua alicheka kuliko wote. Alieleza alivyouliza, kwa sauti ya chini ya mtu mwenye malezi, kama mtoto amelala. Kanisa lilikuwa linatikisika. Nilimwona Pasta, amekaa kando, akijifuta macho, na sikujua ni kwa kicheko au vipi.

Ndipo Susu aliposimama. Susu kwa Kikamba ni nyanya, na sote tulimwita hivyo. Alikuwa bibi mzee sana, jirani wa Madam, mtu wa kumletea maziwa asubuhi na kukaa naye barazani bila mazungumzo mengi. Alisimama kwa taabu, ameshika benchi la mbele yake.

"Madam, ngoja kidogo."

Kicheko kikapungua, kikaisha.

"Huyo mtu aliuliza kama mtoto amelala," Susu akasema. "Mtoto gani? Umetuambia baba, umetuambia mama, na ndugu zako wakubwa. Mtoto hujatuambia."

Madam alikuwa na kidole juu ya mstari aliokuwa akisoma. Hakukiondoa.

"Unatuchekesha vizuri," Susu akaendelea, bila ukali. "Mimi nimecheka. Lakini nikicheka siwezi kuuliza, na sasa nauliza. Alikuwa nani?"

Nilidhani atamjibu kwa mzaha. Nadhani yeye mwenyewe aliutafuta, maana mdomo wake ulikaa vile ulivyokaa kila alipokuwa anataka kusema jambo. Haukuja. Tukasikia kuku nje.

"Alikuwa dada yangu wa mwisho," akasema. Akataja jina lake. Sitaliandika, kwa sababu hata kitabuni halimo. "Hakuwa amelala. Alikuwa chini ya meza akicheza na kijiko. Yule mwalimu wa kwaya alikuwa anampa peremende kila Jumapili. Kwa hivyo aliposikia ile sauti inamuulizia, alitoka mwenyewe."

Sikuwahi kumsikia akisema sentensi kama zile, zisizo na kitu pembeni yake. Susu alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kitu mkononi na anapima uzito wake.

"Asante," akasema. "Sasa soma." Akaketi.

Madam akaendelea pale kidole chake kilipokuwa. Sehemu iliyofuata ilikuwa ya kuchekesha pia. Ni pale anapoanguka kwenye shamba la jirani na jirani anamlaumu kwanza kwa kukanyaga viazi. Watu hawakujua wafanye nini na nyuso zao. Wengine walikuwa wanalia tayari, wengine walitazama chini. Susu peke yake alicheka, kwa sauti ya juu, mahali hasa pa kucheka. Kisha mwingine akacheka akiwa analia, na mwingine, na Madam akasoma mpaka mwisho wa sura.

Baada ya hapo Pasta alitufuata nje. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa na furaha.

"Madam, hicho ndicho kilikosekana! Kile ulimwambia Susu. Tukiweke. Tukiweke mahali pale pale."

"Hapana, Pasta."

"Lakini ndicho kimegusa watu."

"Nyanya aliniuliza, nikamjibu nyanya," Madam akasema. "Kitabu hakijaniuliza."

Kitabu kilichapwa kama kilivyokuwa. Kuna walionung'unika kwamba si cha kanisa, na kuna mzee mmoja wa kanisa aliyemwambia mke wake asikiingize nyumbani, naye mke akakisomea kwa jirani. Pasta alitimiza neno lake, hakugusa hata nukta. Mwishoni aliweka kurasa tupu, kama alivyoagizwa. Sijui kama Madam alielewa kwamba Pasta naye alikuwa amejifunza kufanya mzaha, au kwamba hakuwa anafanya mzaha hata kidogo.

Mimi nilihamishiwa shule moja karibu na Nuu, upande wa Mwingi, nchi kavu ya mbuzi na vichaka, ambapo upepo wa mchana unaleta vumbi jekundu hadi ndani ya sufuria. Madam alinitembelea likizo ya mwezi wa nane. Alikuwa amepungua sana na alitembea kwa mkongojo, lakini alitaka kuona kila kitu, hata mnada wa mifugo. Alasiri tulienda sentani, penye maduka, kununua majani ya chai. Duka nililozoea lilikuwa la mama mmoja Mwislamu kutoka kaskazini, mke wa mfanyabiashara wa mbuzi, mwanamke mnene wa makamo, asiyecheka ovyo. Tulimwita Mama Duka. Nilikuwa nimenunua kwake zaidi ya mwaka na sikuwa nimewahi kumuuliza habari zake.

Alimtazama Madam, akampa kreti ya soda aikalie. Madam akaigeuza kwanza, akaketi akiukabili mlango. Mama Duka aliona hilo. Naye alisogeza kigoda chake kidogo, na nikagundua kwamba yeye pia, siku zote, huketi hivyo.

"Wewe si Mkamba," akamwambia.

"Wananiazima tu. Mimi ni wa Rwanda."

"Ya wakati ule?"

"Ya wakati ule."

Mama Duka akammiminia chai kutoka chupa yake mwenyewe, chai ya maziwa na tangawizi. Akasema kwao kaskazini wavamizi walikuja alipokuwa msichana, wakachoma boma lote. Alilisema hilo kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akaongeza, "Walichukua ngamia wote, ng'ombe wote, mbuzi wote, wakaacha mbuzi mmoja kilema. Mama yangu amekaa kwa majivu, baba amekufa, nyumba hakuna. Anamwangalia huyo mbuzi, anasema, 'Mnaona? Hata wezi wanatudharau.'"

Madam alianza kucheka. Alicheka bila sauti kwanza, mabega tu, kisha akashika ukingo wa kaunta. Mama Duka, ambaye sikuwahi kumwona meno, alikuwa anacheka pia, amejifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Na nyinyi," akauliza alipopata pumzi, "walikuachieni nini?"

"Mbwa," Madam akasema. "Na asubuhi akaenda nao."

Mama Duka alipiga kaunta kwa kiganja. Walicheka mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akarudi alikotoka. Nilisimama katikati yao na pakiti ya majani ya chai mkononi. Nilikuwa nimetafsiri kitabu kizima cha mwanamke huyu, neno kwa neno, na nilikuwa natabasamu kama mtu anayetabasamia lugha asiyoijua.

Madam alinigeukia, akipangusa macho.

"Mwalimu hajacheka."

Mama Duka alinitazama. Uso wake ulikuwa umetulia, na kulikuwa na huruma ndani yake, huruma ya mtu mzima kwa mtoto.

"Mwache," akamwambia Madam. "Mungu amjalie asielewe." Akampokonya kikombe kitupu, akakijaza tena.